Msilipie diski mpya kabla ya kusafisha seva

Mhariri,

Wenye seva ndogo ya Linux ya GB 10 hukimbilia kulipia nafasi zaidi ikijaa. Wasubiri. Kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, waanze na amri df -h (huonyesha nafasi iliyobaki), kisha sudo du -xh --max-depth=1 /var (huonyesha ukubwa wa kila folda ndani ya /var), maana huko ndiko mizigo mingi hujificha.

Amri apt clean huondoa vifurushi vya programu vilivyopakuliwa; apt autoremove --purge huondoa kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Tafadhali msizifute kwa mkono ndani ya /boot: apt, inayosimamia programu, itaendelea kudhani zipo, na sasisho linaweza kukwama. Logi (kumbukumbu za matukio) za journald, huduma ya mfumo inayozihifadhi, huweza kufika asilimia 10 ya diski, hadi GB 4. journalctl --vacuum-size=200M hupunguza kwa leo tu; andikeni SystemMaxUse=200M katika /etc/systemd/journald.conf, kisha muwashe upya systemd-journald.

Kosa linalotesa wengi ni kufuta faili kubwa la logi kwa rm wakati programu bado imelishika. Nafasi hairudi mpaka programu hiyo iwashwe upya. lsof +L1 huyaonyesha mafaili hayo. Amri truncate -s 0, inayolifanya faili liwe tupu bila kulifuta, ingeepusha tatizo lote.

Mafundi wa seva,
Morogoro