Hata wa poly wapewe kiti kwa meza ya maswali

Mhariri,

Nakuandikia nikiwa Kondele hapa Kisumu, kwa kinyozi, watu watatu wako mbele yangu kwa laini kwa hivyo wakati ninao. Ni maneno ya ile michezo ya maswali ya kwa TV, ile wanachuo wanne wanakaa kwa meza moja, kila mtu na kitufe chake.

Watu wa rika langu hawawezi kuwa wamesahau Africa Challenge. Ilianza 2007 ikiitwa ya Celtel, ile kampuni ya simu, ikaja kuitwa ya Zain, na muulizaji alikuwa John Sibi-Okumu na ile sauti yake imenyooka hadi unahisi umekosea kabla hata hujafungua mdomo. Kwa hoteli ya mtaa watu walikuwa wanapiga meza kama ni mpira, na nusu yao hawajawahi kanyaga chuo kikuu. Halafu Zain Afrika ikanunuliwa na Bharti Airtel 2010 na kipindi nacho kikaenda, tukabaki kuwaona wanachuo kwa TV wakati wa mgomo.

Sasa huyu kinyozi ana TV ya intaneti na siku hizi ametuzoesha ile ya Uingereza, University Challenge, ambayo ni ya tangu 1962 na wao pia waliitoa kwa College Bowl ya Marekani. Sheria zake utashika kwa dakika tano tu. Swali la kwanza ni pointi kumi, mtu anajibu pekee yake bila kunong'onezana, na ukikatiza muulizaji halafu ukosee unapoteza tano. Ukipata, timu yako inapewa matatu mengine ya pointi tano tano, hapo sasa mnaweza kushauriana na kapteni anajibu. Na kitu kinachonifurahisha zaidi, ukibonyeza kuna sauti inataja chuo chako kwanza ndio inataja jina lako.

Jumamosi moja tukiwa hapa kulikuwa na kijana anasomea stima poly, yaani chuo cha ufundi, alikuwa amekuja kunyolewa akaangusha kichwa nyuma macho yamefungwa. Likaulizwa swali la yule mwanasayansi wa 1831 na mambo ya sumaku na waya, na wale wa Uingereza bado wanaangaliana, huyu wetu na povu shingoni akasema "Faraday" bila kufungua macho. Tukacheka tukidhani ni bahati. Likaja la kwa nini stima hupandishwa volti kabla ya kusafirishwa mbali, akajibu ati ukipandisha volti karenti inashuka na nguvu haipotei sana kwa joto la waya, halafu akauliza kama hilo nalo ni swali. Mzee mmoja akamwambia, "Omera, wewe unafaa kuwa kwa hiyo meza." Kijana akajibu tu kwamba hiyo meza si ya watu kama wao.

Mhariri, hapo ndipo nilipokwama. Kila wakati nikisikia watu wakitamani shindano kama lile lirudi, wanahesabu Maseno, Egerton, Masinde Muliro, Moi, wanafika Nairobi wanamaliza. Hakuna anayetaja Kisumu National Polytechnic, ama Sigalagala, ama Kitale. Ni kama mtu akisomea diploma ya ufundi ubongo wake unawekwa stoo.

Kuna jamaa hapa kwa kinyozi ananipinga sai nikiandika, anasema poly ni kazi ya mikono na maswali ni ya vitabu, wataaibika. Ni kweli kijana wetu wa Faraday alipigwa na maswali ya mashairi yote, hata moja hakupata. Lakini si ndio maana wanakaa wanne! Weka wa stima, weka wa upishi, weka wa uhasibu, weka wa kilimo, uone. Na maswali pia si lazima yote yatoke Ulaya. Uliza reli ilifika hapa mwaka gani na mahali hapa paliitwaje, 1901 na Port Florence, watu wangapi wa Kisumu wanajua hiyo? Uliza samaki anaitwa mbuta aliingizwa ziwa hili miaka ya ngapi, maana kuna watu wanamla kila wiki wakidhani alikuwa humu tangu uumbaji, kumbe ni mgeni wa miaka ya 1950. Hapo wa upishi ama wa samaki atambwaga mtu wa digrii mchana kweupe.

Tena hii vita ya nani apewe kiti si mpya. Mwaka wa 1975 timu ya Manchester iliingia kwa hiyo University Challenge ikiwa imekasirika kwa sababu Oxford na Cambridge zilikuwa zinaruhusiwa kila koleji kuleta timu yake, na vyuo vingine kimoja kimoja tu. Wakaanza kujibu kila swali kwa majina ya wanamapinduzi, Che Guevara, Marx, Trotsky, Lenin, liwe la historia liwe la hesabu. Najua ni utoto, lakini walisikika, na Manchester hiyo hiyo ilikuja kushinda kombe mara nne kati ya 2006 na 2013. Sisi hata hatujafika pa kugomea, hatujaitwa.

Kwa hivyo ombi langu kwa stesheni yoyote itakayorudisha kitu kama hiki ni kwamba mchujo ufunguliwe kwa poly na vyuo vya walimu sawa na vyuo vikuu, na raundi zingine zirekodiwe huku Kisumu ama Nakuru, si kila kitu kwa studio ya Nairobi. Na kama wataweka raundi moja kwa Kiswahili, katiba ya 2010 inasema ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sijui tunaiogopa nini kwa maswali magumu.

Nataka siku moja niskie ile sauti ikisema "Sigalagala", halafu jina la mtoto wa mtu. Yule kijana wa stima anamaliza mwaka ujao, kama watarudisha wasichelewe.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu