Unaenda kuwinda kondoo wa milimani? Hiyo .375 iache nyumbani

Wiki chache zilizopita mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alipanda ngazi za duka letu la bunduki hapa Upanga, Dar, akiwa amebeba bunduki yake ya .375 kwenye ala ya ngozi. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai akasema anakwenda Tajikistan mwezi Novemba kuwinda kondoo wa Marco Polo, na anataka tumfungie darubini mpya ya kulengea.

"Hii imeangusha nyati Selous tangu baba yako yupo hapa dukani," akaniambia. "Kondoo atanishinda?"

Nikamjibu: "Mzee, kondoo hatakushinda. Kitakachokushinda ni mlima, na bunduki hii itakuwa upande wa mlima."

Wateja wanaouliza habari hii ni wachache, lakini karibu wote huanzia alipoanzia mzee wangu: mnyama mkubwa, risasi kubwa. Kwa nyati ni kweli. .375 ilitengenezwa mwaka 1912 kwa kazi ya namna hiyo, na hapa Tanzania ndiyo kaliba, yaani kipimo cha upana wa risasi, ndogo kuliko zote inayokubalika kwa nyati na tembo. Inarusha kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19 na kidogo, kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Nyati unampiga akiwa hatua hamsini, themanini. Unataka uzito unaopenya mfupa, na huo unao.

Kondoo dume wa Marco Polo ni mkubwa kuliko kondoo mwitu wengi duniani. Anapita kilo 100, na pembe zake zilizojikunja zinaweza kuzidi mita moja na nusu ukizipima kwa kuufuata mkunjo. Hata hivyo hana ngozi ya nyati wala mbavu za nyati. Silaha yake ni macho. Anaishi mahali pa wazi pasipo mti, na mara nyingi hutampata karibu zaidi ya mita 300. Ukimpiga kwenye mapafu kwa kichwa cha wastani kilichotengenezwa vizuri, anaanguka. Ukimpiga tumboni kwa .375, anaondoka na jeraha, anavuka genge usiloweza kulivuka, anakufa huko taratibu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu naandika haya.

Kwa hiyo swali la kwanza ni je, risasi gani unaweza kuipeleka pale unapotaka, ukiwa umechoka, unahema, umelalia mawe?

Chukua kaliba ndogo zaidi, .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925. Mwandishi wa uwindaji wa Marekani, Jack O'Connor, aliibeba kwenye milima ya kondoo kwa miaka mingi na kuisifu mpaka ikawa maarufu kwa kazi hiyo. Kichwa chake cha greni 130 kinatoka kwenye mtutu kwa takriban mita 930 kwa sekunde. Ukiirekebisha ipige katikati kwenye mita 200, ikifika mita 300 inakuwa imeshuka sentimita 18 hivi. .375 iliyorekebishwa vivyo hivyo inashuka karibu mara mbili ya hapo. Na teke lake begani ni zaidi ya mara mbili pia, jambo ambalo kwenye nyati hulisikii kwa sababu moyo unakwenda mbio, lakini ukilala kifudifudi mteremkoni kusubiri dume ageuke, bega linakumbuka na kidole kinaogopa.

Sisemi .270 ni ya peke yake. .30-06 ya mwaka 1906 inafanya kazi hiyo vizuri, na kama tayari unayo na umeizoea, sitakuuzia nyingine. 6.5 Creedmoor ina teke dogo na inavumilia upepo, ila kwa dume mzito chagua kichwa imara na usijaribu mbali mno. 7mm Remington Magnum na .300 Winchester Magnum zinafika mbali zaidi, kwa gharama ya teke na bunduki nzito. Ukipepesa macho kila unapovuta kifyatulio, huo umbali wa ziada hauna faida kwako.

Sasa kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani tunalisahau. Hapa tuko usawa wa bahari, kwenye joto na hewa nzito. Kambi nyingi za Pamir, milima ya huko Tajikistan, ziko kwenye mita 4,000 hivi. Aliyepanda Kilimanjaro anajua: ni juu ya Horombo, kabla ya Kibo. Hewa ya huko ina uzito wa theluthi mbili tu ya hewa ya Dar, kwa hiyo risasi haizuiliwi sana na kwa masafa marefu inapiga juu kuliko ulivyozoea. Baridi nayo inapunguza nguvu ya baruti na kuirudisha chini kidogo. Usidhani viwili hivyo vitafutana. Ukifika kambini, kabla hujamtafuta mnyama yeyote, piga risasi tatu au nne kwenye karatasi.

Mteremko pia una hesabu yake. Mnyama akiwa mita 400 kwa pembe ya nyuzi 30, juu au chini yako, lenga kana kwamba yuko mita 346. Wasiojua hili hupiga juu ya mgongo na kulaumu darubini. Upepo ndio mgumu zaidi: ukivuma kutoka ubavuni kwa kilomita 16 kwa saa, kwenye mita 400 unaweza kuisukuma risasi ya .270 karibu sentimita 40 ukiipima kwa hewa ya hapa pwani. Hiyo inatosha kutoka kwenye mapafu hadi tumboni. Upepo ukikutatiza, sogea karibu au mwache aende.

Mzee alisikiliza, akaishika .270 tuliyokuwa nayo ukutani, akaiinua mara mbili tatu. Ilikuwa nyepesi kwa zaidi ya kilo moja kuliko yake. Hakusema kitu, ila .375 aliirudisha kwenye ala mwenyewe.

Ukitaka tukusaidie, njoo miezi mitatu kabla ya safari, si wiki moja, kwa sababu vibali vya polisi vya kutoka na kurudi na silaha vinataka muda. Njoo na leseni yako, bunduki yako na jina la nchi unayokwenda. Tutaangalia mtutu, tutakufungia darubini, na tutakwenda nawe uwanja wa shabaha alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka. Kwenye ndege risasi haziruhusiwi kuzidi kilo 5 pamoja na kisanduku chake, nazo hufungwa mbali na bunduki. Nunua zote za aina moja, tena toleo moja, na ziwe za kutosha kufanyia mazoezi hapa na kubaki na boksi mbili za safari.