Harambee ya penisilini kwa watoto wetu wenye selimundu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sisi wazazi wa watoto wenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) katika usharika wetu hapa Mwanza tunaomba mchango wenu. Tunataka kila mtoto wetu aliye chini ya miaka 5 awe na penisilini ya kumeza mwaka mzima, na kila nyumba yenye mtoto huyo iwe na kipimajoto. Wengi mmetuuliza: mtoto haumwi, dawa ya kila siku ya nini?

Yuko bakteria aitwaye nyumokoko. Ndiye anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo, ingawa hukaa puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Silaha yake iko nje ya mwili: utando mnene wa sukari unaomfunika mzima. Seli nyeupe za damu zikimfikia ili zimmeze, hazipati pa kumshika. Anateleza kama kambare, na kambare hashikiki mpaka upake majivu mkononi. Majivu ya mwili ni kingamwili, protini za damu zinazonasa vijidudu. Zikishaganda juu ya utando ule, seli nyeupe humkamata na kummeza. Mwaka 1928, mtafiti Frederick Griffith wa London alieleza kuwa panya waliodungwa nyumokoko wenye utando walikufa, na waliodungwa wasio na utando waliishi.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na bandama. Damu hupita humo polepole ikichujwa, na humo hutengenezwa kingamwili za kuushika utando wa sukari. Kwa watoto wetu, seli nyekundu za damu zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo ya bandama, nayo hufa kidogo kidogo. Wengi hufika miaka 5 bandama haifanyi kazi tena. Ndiyo maana mtoto anashinda akicheza, jioni homa inapanda, na kabla hakujapambazuka anapigania uhai. Haya tumeyaona majumbani mwetu.

Chanjo ipo. Tangu 2013 hutolewa bure kliniki, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na hakuna mzazi anayepaswa kuikosa. Lakini aina za utando wa nyumokoko zinazojulikana zinazidi 90, na chanjo inagusa chache tu. Zilizobaki tunaziachia penisilini. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulionyesha kuwa watoto wenye selimundu waliomeza penisilini mara mbili kwa siku walipungukiwa na maambukizi makali kwa asilimia 84.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mama anakata kidonge cha miligramu 250 katikati, anakisaga nusu kati ya vijiko viwili, anakoroga na maji kidogo, mtoto anameza. Asubuhi na jioni. Kinachotushinda ni mwisho wa mwezi, chupa inapoisha na mfukoni hakuna kitu. Na homa ikifika nyuzi 38.5, hata usiku wa manane, mtoto aende hospitali saa hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu ya fedha tutaitenga kwa nauli za dharura.

Lengo letu ni shilingi milioni 3. Sadaka ya harambee itatolewa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Mwenye ahadi aiandikishe kwa mweka hazina, na mlio mbali tumieni namba ya kanisa mnayotumia siku zote, mkiandika neno SELIMUNDU. Mfamasia akitaka kutuuzia kwa bei ya jumla, tutashukuru sana. Stakabadhi zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo.