Binti yule hakufuata muziki

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 20 sasa na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari ya Jumapili iliyopita, ile ya vijana wa Dodoma kuyahama makanisa ya wazazi wao, ndiyo imenishikisha kalamu. Mwandishi wako aliwahoji wazee watatu, wote wakasema vijana wa leo wanafuata muziki, maspika makubwa na miujiza ya haraka. Kijana hakuhojiwa hata mmoja.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kizota, na nimekaa kwenye halmashauri ya kanisa letu miaka 11. Namfahamu mmoja wa hao waliohama, na kilichomhamisha nakijua, maana nilikuwepo.

Mwaka juzi tulikuwa tunajenga. Lori la saruji lilifika Ijumaa jioni, vijana wakashusha. Katibu wao, binti wa miaka 26 aliyesomea uhasibu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alisimama mlangoni mwa stoo akihesabu: mifuko 48. Kwenye kikao cha robo mwaka taarifa ikasomwa: mifuko 60. Akanyoosha mkono, akatuamkia, akauliza kwa adabu hiyo 12 iko wapi. Mzee mmoja akamjibu, "Binti, ulikuja kushusha saruji au kukagua wazee?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda. Mimi nilikuwa nimekaa viti viwili tu kutoka kwake, nikijua swali lake ni la haki, na nikafunga mdomo. Mwezi uliofuata tukatangaziwa kwamba vijana wanahitaji kulelewa, akateuliwa bwana wa miaka 46, baba wa watoto wanne, awe mwenyekiti wa vijana. Uchaguzi haukuitishwa. Binti akavumilia kwenye kwaya mpaka Pasaka, kisha hatukumwona tena. Sasa anasali kwenye chumba cha kupanga kule Nkuhungu, na huko ndiye wamemkabidhi vitabu vya fedha. Leo nafungua gazeti nasoma kwamba amefuata spika! Huko waliko hata spika hawana, Mhariri. Wanaimba kwa kupiga makofi.

Tunasema hawajakomaa. Nenda Jumapili kwenye shule za sekondari uone vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA, TYCS na CASFETA. Wanafunzi wanachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina miongoni mwao, wanahubiriana, wanaandaa makongamano. Mtoto huyohuyo akimaliza kidato cha sita na kurudi kanisani kwao, tunampa kazi ya kupanga viti na kuelekeza magari siku ya harusi. Tangu UDOM na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vianzishwe mwaka 2007, mabenchi yetu yanajaa wakati wa masomo, na bado tunawahesabu wanafunzi hao kama wageni. Kila Jumapili ya vijana tunasoma Paulo akimwambia Timotheo mtu yeyote asiudharau ujana wake. Tunaitikia Amina.

Na hili la bahasha nalo nisiliache. Bahasha ya ujenzi, bahasha ya gari la mchungaji, bahasha ya mavuno, na kila moja ina jina na kiwango. Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu anaandikiwa shilingi 100,000 sawasawa na mtumishi wa serikali, na asipomaliza jina lake linasomwa mbele ya washarika. Akiomba kujua zilikokwenda, anaambiwa yeye ni mtoto. Mvua zetu za Dodoma tunazijua, uwele ukikauka shambani hakuna mavuno ya kupeleka, basi watu wananunua nafaka sokoni ili wasiende madhabahuni mikono mitupu. Nami nilikuwa nimekwenda kununua yangu Soko la Majengo nilipokutana na yule binti, wiki mbili zilizopita. Alinipokea kikapu, akasema "Shikamoo mama", akaniuliza kama paa limekwisha. Nililia njia nzima kwenye daladala.

Pendekezo langu ni hili. Kila kanisa linalojenga liweke makufuli mawili kwenye stoo. Ufunguo mmoja akae nao mzee, wa pili akae nao kijana asiyezidi miaka 30 aliyechaguliwa na vijana wenzake, na mfuko usiingie wala kutoka mpaka wote wawili wametia saini kwenye daftari. Vikao vya halmashauri navyo viondolewe Jumatano saa nane mchana, saa ambayo vijana wako kazini, vipelekwe Jumamosi jioni. Kwetu nimeomba jambo hili liwe ajenda ya kwanza ya kikao kijacho. Nitalisema mwenyewe, nimesimama, na nitaanza na ile mifuko 12.

Mama, mzee wa kanisa
Kizota, Dodoma