Meno yangu mawili yaling'olewa bure

Bwana muhariri, jambo. Niko mama wa hapa Goma, Katindo, miaka tatu shavu la kuume lilikuwa linanipiga kama umeme, sekonde kidogo inaacha halafu inarudia, hata upepo wa kwenye moto ama kitambaa kikigusa tu, machozi. Munganga wa meno akaning'oa mawili, mazima kabisa (bado nayo kwenye kikopo), maumivu ikabakia palepale.

Kumbe ilikuwa ule mushipa wa fahamu wa tano wa kichwa, wenye kuleta habari za uso, mushipa wa damu unaukandamiza karibu na bongo. Dawa ya karbamazepini ilinisaidia kwanza lakini kizunguzungu kikazidi, ndiyo nikapasuliwa Kampala, wanatoboa nyuma ya sikio wanaweka kipande kidogo cha Teflon (aina ya plastiki) katikati ya ile mishipa miwili. Siku ya kwanza nilipiga muswaki bila kulia. Migreni, ile maumivu ya kichwa yenye niko nayo pia, ingali iko, ile ni ugonjwa ingine, kisu hakikuigusa.

Naomba gazeti lenu muulize banganga wa meno: kabla ya kushika koleo, munamuuliza mugonjwa kama maumivu inakuja sawa umeme?

Musomaji wenu, Goma