Mdogo wangu, ulijua tangu Goshogawara

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, meseji unasoma unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, mbele za watu.

Wema wako sijausahau. Buti zenye meno ya kushika barafu ulininunulia wewe, na usiku wa taa za theluji pale Hirosaki, Japani, ulinivulia glavu zako, ukabaki mikono mfukoni. Nalitanguliza hilo asije mtu akasema sina shukrani.

Lakini Goshogawara! Tulikuwa tunangoja treni ya jiko, ile ya reli ya Tsugaru inayotembea majira ya baridi tu, mabehewa yamechakaa, ndani mna jiko la chuma la makaa ya mawe. Simu yako ikalia, ukatoka nje. Nilikuona dirishani, theluji inakujaa mabegani wala hujipangusi. Uliporudi nikauliza nani, ukasema watu wa kazini. Intaneti niliyokuwa natumia ni ya simu yako. Ukaizima, eti chaji inaisha.

Tukapanda. Mhudumu akatubanikia ngisi mkavu juu ya jiko, anamgeuza kwa mikono yenye glavu, kisha anamchanachana. Harufu ikajaa behewa zima. Nikasema, Baba Mkubwa angekuwepo hapa angeuliza pilipili iko wapi. Ukainua simu yako: "Dada, cheka." Nikacheka, meno yote nje.

Ulijua. Alishakata roho kabla ya alfajiri ya Tanga, na wewe ukaniambia cheka.

Najua jibu lako: "Ningekwambia ungefanya nini? Ungepaa?" Mazishi nisingeyawahi, hilo halina ubishi. Lakini saa kumi jioni ya Tanga ni saa nne usiku ya huko. Wakati wanamteremsha kaburini mimi nilikuwa macho Kuroishi, miguu chini ya ile meza yao yenye hita na blanketi, nacheza karata na wewe. Yasini ningeisoma. Naijua kwa moyo, alinifundisha yeye.

Kesho yake ukanitembeza Komise, vile vibaraza vilivyoezekwa ili watu wapite bila kukanyaga theluji. Tukaona mzee juu ya paa na koleo. Ukasikitika kwelikweli: "Wazee wa huku kila mwaka wanaanguka wakishusha theluji, watoto wako Tokyo." Baba wa watu ukamwonea huruma!

Ukaja kuniambia stesheni ya Shin-Aomori, shinkansen, ile treni yao ya kasi, inakaribia kuingia. "Dada, Baba Mkubwa hatunaye. Wameshamzika." Saa tatu nzima hadi Tokyo nalia katikati ya watu wanaokula chakula chao kimya kimya.

Nakushauri kama dada yako: msiba haufichwi, mwenyewe apewe wake. Na kwenye arobaini sikukuaibisha, waache waseme. Shangazi aliuliza mbele ya watu mbona siku ya mazishi sikupiga hata simu. Ulitaka nijibu nini, kwamba nilikuwa na shughuli? Mkono sikukupa kwa sababu nilikuwa nakanda unga, na waliokuwa jikoni wanajua.

Hayo tuyaache. Nataka jambo moja tu, na safari hii usiniambie watu wa kazini. Nani alikupigia pale stesheni? Shangazi siye, nimeshamuuliza. Na huyo aliyekupigia alipokuuliza mimi niko wapi, ulimjibu nini?