Kabla ya kununua mbolea, tazama ni jani gani limegeuka manjano

Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, wateja wa Kisauni, Bamburi na Likoni, hapa Mombasa, hutujia kitaluni na jani la manjano mkononi wakitaka mbolea. Mara nyingi hatuwauzii papo hapo. Tunauliza kwanza jani limechumwa sehemu gani ya mmea, na mmea unanyweshwa maji gani.

Jani halizeeki kwa umri peke yake. Joto likizidi na maji yakipungua, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki, ambayo hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Shida ikiendelea, mmea wenyewe huanza kuyazeesha majani ya chini: huvunja rangi ya kijani na kuhamisha nitrojeni kwenda kwenye majani machanga, maua na mbegu. Ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, huharakisha kazi hiyo. Mmea unajiokoa, unawahi kuacha mbegu. Lakini kwa mama anayeuza mchicha Kongowea hiyo ni hasara, maana mchicha uliokimbilia kutoa maua hautoi tena majani laini.

Huku kwetu kuna adui mwingine, chumvi. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe kando ya bahari, na visima vingi vina maji ya chumvi. Kwanza chumvi huzuia mizizi kunywa, ndiyo maana mmea hunyauka hali udongo umelowa. Baadaye sodiamu na kloridi, yaani chumvi yenyewe, hulundikana kwenye majani ya zamani, ambayo yamepitisha maji kwa muda mrefu zaidi. Kingo zinaungua, kisha jani zima linakufa. Majani yakifa haraka kuliko mapya yanavyochipua, mmea hauna tena pa kutengenezea chakula. Mbolea ya dukani nayo huyeyuka ikawa chumvi, kwa hiyo ukiimwaga hapo unaongeza mzigo uleule.

Basi tazama hivi. Majani ya chini yamekuwa manjano sawasawa na mmea umedumaa: huenda ni njaa ya nitrojeni, na samadi iliyooza vizuri itasaidia. Kingo zimeungua kahawia: shuku chumvi. Majani machanga ya juu ni manjano lakini mishipa imebaki kijani: mmea umekosa madini ya chuma, kwa sababu chokaa ya matumbawe huyafunga udongoni. Mmea huu wa mwisho ndio unaopewa yuria, mbolea ya nitrojeni, bila faida kila mwaka, na inatuuma, kwa sababu pesa inakwenda na mboga haiponi.

Tuletee maji ya kisima chako kwenye chupa safi, tutayapima chumvi kabla hujachagua miche. Mimea haivumilii sawa. Chumvi ya udongo hupimwa kwa desisimensi kwa mita, na namba ikiwa kubwa chumvi ni nyingi. Ikipita 1.0, mavuno ya maharagwe huanza kushuka. Pilipili hoho ni 1.5, nyanya 2.5, na kunde hufika 4.9. Mwenye kisima kikali tunamshauri kunde bila kusita, hata kama alikuja kutafuta hoho.

Miche yetu huonekana mifupi kuliko ya wengine. Siku za mwisho kabla ya kuiuza tunaipunguzia maji na kivuli cha makuti kidogo kidogo, ili shina likomae na majani yazoee jua. Mche mrefu, laini, uliolelewa kivulini huzeeka upesi ukihamishiwa kwenye mchanga wa moto.

Ukishapanda, tandaza nyasi kavu au makuti juu ya udongo, na unyweshe jioni au alfajiri. Kama maji yako yana chumvi, usinyunyize kidogo kila saa: mwaga ya kutosha yashuke chini ya mizizi, mradi udongo wako unapitisha maji, ili chumvi isibaki juu. Masika yakianza, mvua itaiosha iliyobaki, na huo ndio wakati mzuri wa kupanda hoho.